Mtoto wa Mti Aliyepewa Jina la Babu

Katika banda la wachongaji la Wamunyu, kila kinyago hupita mikononi mwa watu wawili. Mwanamume hukichonga, mwanamke hukisugua kwa msasa mpaka kilainike kama shavu. Lakini mteja akiuliza, "Twiga huyu ni wa nani?" jibu huwa moja tu: "Ni wa Ndunda." Hakuna anayesema ni wa Ndunda na Syombua. Watu wamezoea kumshukuru mwenye patasi na kumsahau mwenye msasa, na dhuluma ikishazoeleka huitwa desturi.

Syombua, mke wa Ndunda, hakuwa na kinyongo na hilo. Alikuwa mwanamke wa kicheko kinachosikika hadi barabarani, mwenye viganja vigumu kama soli. Ufa ambao jicho halikuuona, kidole chake kiliupata. Twiga walikuja, twiga wakaenda, naye akaimba nyimbo za kwaya akisugua. Wivu hakuujua, mpaka siku lilipokuja gari la watu wa sinema.

Mkuu wao alikuwa Winfred, msichana wa Machakos mjini aliyesomea filamu chuoni, mwenye nywele fupi na suruali ya mifuko mingi. Alitaka kutengeneza sinema ya wakati ujao: kijiji cha Ukambani ambacho vijana wote wamehamia mijini, wamebaki wazee wawili wasio na wa kuwachotea maji. Basi wazee hao wanajitengenezea mtoto. Roboti. Ndani nyaya na mota ndogo, nje mti.

"Roboti wa plastiki nimewaona wengi," Winfred alimwambia Ndunda. "Mimi nataka mtoto ambaye ukimtazama unajua alichongwa na mtu aliyemtaka."

Maneno hayo yalimwingia Ndunda. Aliacha twiga. Alichagua gogo la mjakaranda akajifungia nalo kwenye kona ya banda. Ikatoka mikono, ikatoka miguu, kisha kichwa kilichochimbwa ndani kama kibuyu ili nyaya zipite. Nyumbani alikula bila kuitazama sahani. Usingizini alipapasa mto kama mtu anayetafuta pua.

Wanawake wa banda walifikiri wamejua kinachomkera Syombua.

"Mama Kamanthe," Loise, msuguaji mwenzake, alimchokoza, "chunga nyumba. Huyo wa mifuko mingi atakutilia bwana kwenye mfuko mmoja aondoke naye."

"Amchukue tu. Nitampa na nguo zake chafu afue."

Walicheka. Lakini msasa wa Syombua ulikwenda kasi kuliko wimbo. Si Winfred aliyemtia wivu. Alimwonea wivu yule mtoto wa mti.

Ilianza na jina. Alasiri moja Winfred aliuliza, "Mzee, huyu tumwite nani? Hatuwezi kusema roboti, roboti, sinema nzima."

Ndunda hakuinua hata macho. "Kitheka," alisema.

Syombua alikuwa karibu, amepakata kifaru ambaye hajamaliza kumsugua. Mkono ukasimama. Kitheka lilikuwa jina la marehemu baba yake Ndunda, na jina la baba mkwe lina mwenyewe: mtoto wa kwanza wa kiume. Syombua alikuwa amezaa wasichana wawili. Wa kwanza aliitwa Kamanthe, jina la mama mkwe; wa pili Ndila, jina la mama yake mwenyewe. Jina la Kitheka likabaki nyumbani kama koti lisilo na wa kulivaa. Ndila alizaliwa kwa upasuaji uliokaribia kumuua mama yake, na daktari akasema, mama, usijaribu tena. Ndunda alisikia, akanyamaza. Mama mkwe alisikia, akaziba masikio. Kila Jumapili baada ya kanisa alimtazama Syombua tumbo kabla hajamtazama uso, akauliza, "Mume wangu atakuja lini?" Ndivyo nyanya wa Kikamba anavyomwita mjukuu mwenye jina la mumewe: mume wangu. Humtania na kumdai nyama ya sokoni.

Mwanamke aliyezaa wanadamu wawili wazima amepungukiwa na nini? Hana alichopungukiwa, na anayesema anacho aje atuonyeshe. Lakini moyo hausikilizi hoja. Moyoni Syombua alikuwa ameacha nafasi ndogo, ya kupita mtoto mmoja tu. Na sasa mumewe ameichukua nafasi hiyo na kumpa mti, mbele ya watu.

Kesho yake mama mkwe alikuja kujionea. Mafundi wa Winfred walikuwa wameshafunga kichwa juu ya kiwiliwili. Mmoja akabonyeza kidude, shingo ikageuka, kope zikapepesa. Kidevuni Ndunda alikuwa amechonga kishimo kidogo, kishimo cha baba yake. Mwanamke mzee alikitazama akashika mdomo.

"Kitheka!" aliita. Roboti akageuza shingo. Mama mkwe alicheka mpaka leso ikamdondoka. "Mume wangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Na nyama yangu iko wapi?"

Banda zima likaangua kicheko. Ndunda alicheka. Kamanthe na Ndila, waliokuwa wametoka shule, walimshika mtoto wa mti mikono, mmoja huku, mwingine kule. Syombua aliona nyanya na wajukuu watatu, na pembeni yao mahali ambapo yeye hakuhitajika.

"Aiya, mwaitu," alimwambia mama mkwe, akimwita mama kwa Kikamba na kujaribu mzaha, "huyo hata uji hawezi kunywa."

"Ndiyo uzuri wake," mama mkwe akajibu. "Huyu nimempata bila kusumbua mtu."

Loise peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Ijumaa kichwa kilifunguliwa kutoka kwenye kiwiliwili, kikaachwa kwa Syombua akimalizie, kwa kuwa kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupiga picha. Wanaume walikwenda kupeleka vyombo mtoni, mahali pa kupigia picha. Syombua alianza na msasa laini, kama kazi inavyotaka: paji, kope, mashavu. Akafika kwenye kishimo cha kidevu. Msasa laini hauingii vizuri kwenye kishimo. Alichukua ule mkali, wa kuondolea alama za tezo, na kishimo kikatoweka. Sasa pua ilionekana kubwa, akaishusha. Midomo ilibaki kama inamcheka, akaipitia nayo. Unga wa mti ulimjaa mapajani. Hakulia, wala hakuharakisha. Alifanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na alipomaliza, kichwa kilikuwa laini kama yai, wala hakikuwa cha mtoto wa mtu yeyote.

Ndunda aliporudi alisimama mlangoni na chupa ya soda mkononi.

"Mama Kamanthe. Umefanya nini?"

"Nimesugua."

"Umenifutia baba!"

"Baba yako amezikwa shambani, hakuna aliyemgusa. Wewe ulijipatia mtoto bila mimi, na mimi nimemwondoa bila wewe."

"Lakini hii ni sinema tu!"

"Kama ni sinema tu, ungempa jina la sinema. Kwani majina yameisha Ukambani? Nilikuwa nimebakisha hilo moja. Umewaambia watu wote kwamba mimi basi tena."

Ndunda aliketi juu ya gogo.

"Nilitaka mwaitu apate wa kumwita mume," alisema. "Acheke, atosheke, akuache. Anavyokutazama tumbo kila Jumapili, unafikiri mimi ni kipofu? Nilimsikia daktari, Syombua. Mimi nakutaka ukiwa hai."

Alimwita kwa jina lake, jambo asilolifanya hovyo. Maneno yalikuwa matamu, lakini hayakutosha. Miaka yote mwanamume huyu alikuwa na mdomo, akaona heri achonge mti mzima kuliko kumwambia mama yake sentensi moja.

"Mimi usiniambie," Syombua alisema. "Mimi najua. Mwambie yeye."

Winfred aliingia, akakiona kichwa, akatazama nyuso za wawili wale. "Mzee, unaweza kuchonga uso mwingine?"

Ndunda alikipima kichwa mkononi. "Mti umebaki mwembamba. Uso utatoka, lakini hautakuwa ule." Akamgeukia mkewe. "Na jina?"

Wakamba wana majina ya wazee, na wana majina ya tukio, ambayo hayatoki kwa marehemu yeyote. Aliyezaliwa usiku ni Mutuku. Aliyezaliwa safarini ni Kyalo.

"Ataondoka na gari, azunguke akionyeshwa kwa watu," Syombua alisema. "Mwiteni Kyalo."

Jumamosi watu walijaa kwenye mchanga wa mto. Mtoto wa mti alikuwa na uso mwembamba, macho mapana, kama mgeni aliyefika wakati wenyeji wanakula. Mama mkwe alikuja na gauni lake la kanisani.

"Kitheka! Mume wangu!"

Ndunda alitoka kati ya watu. Alisimama mbele ya mama yake. "Mwaitu, huyo si Kitheka. Kitheka alikuwa baba yangu, na jina lake halimsubiri mtu. Mke wangu amemaliza kuzaa. Amezaa wawili, na mimi nimeshiba. Usimuulize tena. Niulize mimi."

"Unanizikia mume mara ya pili?"

"Nakuheshimu, mwaitu. Lakini usimuulize tena."

Mwanamke mzee alijifunga leso, akaondoka bila kunywa chai, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Syombua alikuwa ameyadai maneno hayo mwenyewe. Alidhani yatampa raha. Lakini "amemaliza kuzaa", kutoka kinywani mwa mumewe, mbele ya kijiji, ilimshuka kifuani kama jiwe. Sasa ilikuwa kweli. Alipewa haki yake, na haki hiyo ilikuwa chungu.

Winfred aliinua mkono. Mwigizaji, msichana aliyepakwa rangi ya uzee, akaita, "Kyalo! Njoo ule!" Mtoto wa mti akageuka palepale, akaja na kindoo chake, hatua ya kusitasita. Mwigizaji akampakata, vidole vimenyooka kama anayeshika sufuria ya moto.

Wivu ukamrudia Syombua, mkali kuliko wa kwanza, na sasa haukuwa juu ya mtoto, bali juu ya aliyempakata.

"Hashikwi hivyo!" alipaza sauti.

"Mama, tafadhali, tunarekodi!" Winfred akasema.

"Rekodini. Lakini mtoto aliyetoka mtoni amechoka. Anashikwa kwa mkono mzima."

Winfred alimtazama kidogo, akashusha mkono. "Basi njoo umwonyeshe."

Syombua alivua viatu, akavuka mchanga. Alimtoa mtoto kwa mwigizaji bila kuomba, akaketi chini, akamlaza begani, kiganja chake kigumu nyuma ya shingo aliyoilainisha mwenyewe. Mota ikanguruma taratibu kifuani mwake. Mwigizaji akasema ameelewa. Winfred akasema asante mama, inatosha. Ndunda akamwita, "Mama Kamanthe, watu wanangoja."

"Wangoje," alisema, akamvuta mtoto karibu zaidi.