Nilivyompeleka Jaja Kakoro kwa Baiskeli

Ipo safari moja ambayo miaka yote hii haijanitoka moyoni, mwanangu Wasswa. Leo uliponiambia kwamba umewaongoza wageni kutoka Jinja hadi hapa Mbale kwa njia za changarawe, na kwamba hamkushuka kwenye baiskeli ila kunywa maji, imenirudia kana kwamba ni ya juzi. Keti kidogo hapo kwenye kreti. Gundi ya tyubu yako bado haijakauka, na mwenda pole hajikwai.

Wewe unanijua mimi kama Bi Rehema wa Namatala, mwenye duka la vipuri. Hukunijua nilipokuwa msichana wa Kimaka, kule Jinja, mwenye miguu isiyojua kuchoka. Baba yangu aliuza vitambaa sokoni, nami ndiye niliyempelekea mizigo kwa baiskeli, ile nyeusi nzito ya keria ya chuma. Majirani hawakupenda. Msichana juu ya baiskeli siku zile alikuwa kioja, na wapo waliomwambia baba kwamba sitaolewa. Baba aliendelea kunipa mizigo, kwa kuwa ilifika. Na kuolewa niliolewa, alhamdulillahi, na mume wangu alinipendea baiskeli hiyo hiyo.

Nyumbani tuliishi na babu yangu mzaa baba, Jaja Muzamiru. Alizaliwa Kakoro, upande huu wa Mbale, akaondoka akiwa kijana kwenda kubeba marobota ya pamba kwenye bandari ya Namasagali, wakati treni zilipokuwa zikishuka mpaka mtoni na meli zikisubiri. Bandari ilipokufa akahamia Jinja, akazeeka huko. Mwaka ninaousema, macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Daktari alimpima akamweleza bila kumficha: mwanga uliokwisha kuondoka haurudi, na uliobaki nao uko njiani. Jaja alimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia, akarudi nyumbani, akaniita.

"Rehema," alisema, "nipeleke Kakoro. Usinipitishe kwenye lami. Nipitishe njia niliyokuja nayo."

Baba alikataa. Alisema mabasi yapo, na mzee wa umri ule hatupwi juu ya keria kama mkungu wa ndizi. Jaja akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu hata kwa mwanawe, kisha akasema, "Basi litanifikisha. Mimi sitaki kufikishwa, nataka kwenda." Baba akaingia ndani. Akatafuta blanketi, akalikunja mara kadhaa, akalifunga juu ya keria kwa mpira, kazi aliyoifanya kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kazi yoyote.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Hatujatoka hata Kimaka, askari mmoja akatusimamisha barabarani. Alikuwa mrefu, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Wewe dada, nabeba mzee huyu napeleka wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Jaja akamjibu, "Afande, nayapeleka macho yangu nyumbani kabla hayajafa."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliisogeza bunduki yake mgongoni, akashika keria, akatusukuma mpaka juu ya kilima, na alipotuachia alisema tu, "Mungu sindikiza nyinyi." Jaja alimwombea dua mpaka tukapotea machoni pake.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Nilikuwa na nguvu, na mwenye nguvu hupenda kuzionyesha. Niliinamisha kichwa nikakanyaga pedali. Njia ya udongo mwekundu ilipanda na kushuka, miwa huku, mahindi kule, nami nikiitazama tairi ya mbele na kuhesabu vilima nilivyovishinda. Tukapita Buwenge siku ya soko, watu wakitupisha na kushangaa, nami sikupunguza mwendo. Tulipotoka nje ya mji, Jaja akanigonga mgongoni kwa kidole akaniambia nisimame.

Aliteremka, akajinyoosha, akanitaka nimwambie tumepita nini.

Nikasema tumepita Buwenge.

"Na kingine?"

Sikuwa na kingine.

"Mjukuu wangu," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana iliniingia, "gunia la mahindi halina macho, nalo hubebwa hivi ulivyonibeba. Mimi bado ninayo kidogo. Umepita katikati ya maisha yangu umeinamisha kichwa."

Akageuka, akanionyesha nyuma yetu. Pale mashambani palikuwa na tuta refu lililonyooka, limeota majani, mbuzi wakijilisha juu yake. Nilikuwa nimelipita bila kuliona. Lilikuwa tuta la reli ya zamani, ile iliyobeba pamba ya Busoga nzima hadi mtoni. Jaja akanieleza kwamba siku zile mtu akisimama hapo alisikia treni kwanza kwa miguu, kwa udongo kutetemeka, ndipo aisikie kwa masikio. Nikapanda juu ya tuta. Lilikata vilima kama kisu, likashuka likapanda mpaka jicho likaishiwa, na nikafikiria mikono iliyobeba udongo ule wote kwa karai na jembe. Mwili ulinisisimka. Tangu hapo, kila tulichokiona nilikitaja kwa sauti, naye nyuma yangu akaitikia.

Wahenga walisema tembea uone. Nakwambia, mtu anaweza kutembea sana asione.

Namasagali tulifika jua likiwa bado juu. Nilitegemea kuona mji. Nikakuta majengo ya mawe yaliyotulia, miti mikubwa, na vyuma vya gati vilivyoliwa na kutu vikiingia majini. Mbele yake Nile imetanda, pana, nzito, inasogea bila kelele. Mimi ni mtoto wa Jinja, mwanangu. Mto huo nimeuona tangu kuzaliwa, lakini pale kwetu huwa na haraka na povu. Sikujua kwamba mto ule ule unaweza kunyamaza kiasi hicho. Jaja alisimama ukingoni, kofia mkononi, akaninong'oneza majina ya watu aliobeba nao marobota. Alikuwa akitaja jina, ananyamaza, anataja lingine. Sikumharakisha. Nilijiona mdogo sana, na udogo ule ulinipendeza.

Tulilala kwa wenyeji njiani, maana nchi hii, ukipiga hodi vizuri na kusema unakotoka, hulali nje. Kwenye vilima vikali Jaja alishuka tukatembea. Kwenye miteremko alishika nguo yangu na kucheka kama mtoto. Tukapita Kamuli, tukapita Kaliro, mpaka tukaufikia mto Mpologoma, ambao si mto wa kuonekana maji. Ni bahari ya mafunjo. Mwenye mtumbwi akalaza baiskeli yetu katikati, Jaja mbele, mimi nyuma, akatupitisha kwenye kijia chembamba cha maji meusi, mafunjo yakitupita vichwa pande zote. Ndege weupe waliruka mbele yetu kundi kwa kundi. Jua lilikuwa la utosini na mbingu haina hata wingu.

Jaja akasema, "Ukungu wa leo ni mzito."

Nikatazama juu. Nikamtazama mwenye mtumbwi. Yeye akanitazama, akainamisha macho, akaendelea kusukuma upondo wake. Hapakuwa na ukungu.

Tulipofika ng'ambo nilimwambia Jaja ukweli, na nikamwambia kwamba tuache njia hii, tutafute gari, nimkimbize hospitali ya Mbale. Nililia, sikufichi. Nilikuwa msichana mdogo, na nilikuwa na macho ya mtu mkononi mwangu. Alinishika bega akanijibu taratibu kwamba hospitali itamsubiri, ila macho hayamsubiri. Akaniuliza, "Unanipeleka nyumbani au hunipeleki?"

Nilisimama pale na baiskeli, mwanangu, na sijawahi tena kupewa uamuzi mzito kama ule. Nikikosea, nitakuwa nimempofusha babu yangu kwa utii. Nikikataa, nitakuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichokitaka. Nikapanda. Sikuinamisha kichwa. Nilimsimulia kila mti, kila nyumba, mtama ulioiva, wanawake wanaotwanga, mawe makubwa meusi yaliyoanza kuchomoza kati ya mashamba kama migongo ya viboko. Aliponisikia nikitaja mawe alianza kuniharakisha, kwa kuwa alijua tumeingia kwao.

Kakoro, kwa asiyeijua, ni kilima cha mawe kilichoinuka peke yake katikati ya uwanda. Nilimpandisha Jaja nikimshika mkono, yeye akinielekeza kwa kumbukumbu ya miguu yake: hapa panda, hapa inama. Tukafika chini ya mwamba. Nami nikaviona. Viduara vyekundu, kimoja ndani ya kingine, vimechorwa juu ya jiwe na watu ambao hakuna anayejua majina yao wala lugha yao. Waliondoka kabla ya babu zetu kuja, na wekundu wa mikono yao bado uko. Kwa kuvitazama nikasahau kusimulia.

"Bado vipo?" Jaja akauliza. Alikuwa amesimama mbele ya mwamba, karibu kabisa, na havioni.

Nikamwambia vipo. Nikamshika kidole, nikakizungusha hewani, mbali na jiwe, maana alikwisha kunionya tangu chini kwamba mchoro ule hauguswi na mtu. Duara la nje, duara la ndani, la ndani zaidi. Alizungusha mwenyewe tena na tena, na machozi yakamtiririka bila sauti.

Kisha akaniambia nimpeleke kwenye jiwe linalolia. Sikujua kama lipo. Ni jiwe pana lililolala juu ya mengine, limebonyezwa mashimo na mapigo ya watu wa zamani. Akaniambia hapo ndipo yeye na mdogo wake wa kike, Nabirye, walipochungia mbuzi wakiwa watoto. Mmoja wao akipotea, mwenzake alipiga jiwe, naye akaja. Hakuwa amekutana na Nabirye kwa miaka mingi. Habari zake alizipata kwa wapita njia, na hazikuwa za karibuni. Akapapasa chini, akapata kokoto linalotosha kiganja, akapiga.

Mwanangu, jiwe lililia. Si sauti ya jiwe kwa jiwe. Lililia kama kengele, sauti ndefu, safi, ikatoka kilimani ikasambaa juu ya mashamba mpaka mbwa wa mbali wakabweka. Akapiga tena. Akatulia, ameinua uso kama mtu anayesubiri mvua.

Chini kule, kwenye shamba la karanga, nilimwona mwanamke mmoja mzee akinyanyua mgongo. Alisimama kidogo. Akaacha jembe lianguke. Kisha akapiga kigelegele, cha sauti nyembamba ya uzee, akaanza kukipanda kilima.

Jaja hakuhitaji kuambiwa. Aliketi kwenye jiwe, akaweka mikono magotini, akasema, "Anakuja. Hatua zake ni zile zile." Nabirye akafika. Alimshika kaka yake uso kwa mikono miwili yenye udongo, akautazama kwa niaba ya wote wawili.

Nilimpeleka Mbale baadaye. Daktari wa hapa aliniambia kwamba hata ningemleta siku ile ile kwa gari, mambo yasingebadilika. Nilishukuru kulisikia hilo, ijapokuwa nadhani ningeubeba uamuzi wangu hata kama angesema vingine. Jaja hakurudi Jinja. Alibaki kwa dada yake, akaishi gizani miaka mingi, na watoto wa Kakoro walikuwa wakimzunguka awasimulie njia, kilima kwa kilima. Nami nikabaki upande huu ili niwe karibu naye, ndiyo maana ukanikuta Namatala.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Baiskeli zenu ni nyepesi, tairi zenu pana, na simu mmezifunga kwenye usukani ziwaonyeshe mstari wa kufuata. Si vibaya. Lakini mgeni aliyetoka mbali hakuja kutazama mstari. Washushe. Wapandishe kwenye tuta la reli, wanyamazishe mbele ya mto, waambie waliojenga na waliochora walikuwa watu kama wao. Wakataze kugusa michoro, kwa upole lakini wakataze. Wasalimie wenye mashamba, kwa sababu njia mnayoifurahia inapita mlangoni kwao. Na ikiwa nyumbani kwako yupo mzee anayetamani kuona alikotoka, usimwambie kesho. Kesho ni ya Mungu. Mpeleke, hata ikibidi kwa keria, nawe umsimulie mpaka koo likauke.

Haya, tyubu imeshika. Nenda, mwanangu. Mola akupe miguu isiyochoka na macho yanayoona mpaka uzeeni. Na siku yakififia, akujaalie mtu wa damu yako wa kukusimulia njia. Amin.