Kompyuta Ilivyotaka Kumzika Salumu

Aibu hii hata msikitini sijaisimulia, lakini nyie ni watu wangu, chekeni tu. Mimi nauza vitambaa Kariakoo, shule niliishia darasa la nne (na hilo la nne nililirudia), sasa mkwe wangu Zuhura, anayefanya kazi ofisini Posta, akaniwekea kwenye kompyuta programu ya kukadiria mauzo.

"Baba, jaza mauzo ya nyuma, kila kitambaa mstari wake, yenyewe itakwambia mwezi ujao uagize nini."

Nikajaza. Nilipofika kwenye bafta nyeupe waliyonunua wanakwaya mwezi uliopita kushonea majoho, majora kwa majora, nikaona uvivu kufungua mstari mpya, nikaitia kwenye mstari wa sanda, si sanda nayo ni bafta ileile? Kisha programu ikauliza ikadirie kwa wastani au kwa kufuata mwelekeo, nami nikachagua mwelekeo kwa sababu mchoro wake ulipanda vizuri, kama mnazi.

Ikasema mwezi ujao sanda zitatoka kupita vitenge! Nikaagiza majora thelathini, duka likajaa (duka lenyewe ukipiga chafya unagonga ukuta), mengine nikayapakia kwenye mkokoteni kuyapeleka nyumbani Magomeni. Sasa jirani yangu Salumu, rafiki yangu tangu tuna meno yote, alikuwa hoi kwa homa wiki nzima, barazani kwake wamejaa waliokuja kumjulia hali, na mkokoteni ukakwama hapohapo mlangoni.

"Shikamoo baba, sanda zote hizi za nani?" akauliza binti yake.

Nami na mdomo wangu: "Marahaba. Kompyuta imesema mwezi ujao zitahitajika sana."

Mama mmoja akaangua kilio. Salumu akatoka, msuli kaushika kwa mkono mmoja, mtu ambaye asubuhi alinyweshwa uji kwa kijiko: "Hayawani wewe! Mimi nina miili mingapi?"

Akaninunia, hata kwenye swala akawa ananihama safu, na mtu wa kuja kunizika nilikuwa nimempanga yeye. Zuhura alipouona mstari wa sanda alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipeleka, na kompyuta yenyewe, kuomba radhi. Salumu akautazama ule mchoro kitambo.

"Nifute humo."

"Humo hamna jina lako, Salumu."

"Nifute hivyohivyo."

Zuhura akafuta mstari mzima, ndipo Salumu akanisogezea kikombe cha kahawa. Tangu hapo sanda nazikadiria kichwani, kimyakimya, na yale majora bado nayalalia kama godoro, nikiomba kwaya ipate waimbaji wapya.