Mara Nne kwenye Kamba

Watu wakisikia niliwahi kuzamia Ziwa Nyasa huniuliza habari za samaki. Nawajibu walikuwa wazuri, wa buluu, wa njano, wenye mistari, kisha nabadilisha mazungumzo. Wakizidi kuuliza nakasirika. Leo niseme yote, mtu asiniulize tena.

Mimi ni Mmatengo wa Mbuji. Kwetu maji ni ya kunywa na ya kuoshea kahawa, si ya kuingia mwili mzima. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Ushirika ulikuwa umelala chali, wanunuzi binafsi walikuja na mizani wanazozijua wenyewe, na baba aliponiambia nitunze mibuni yake nilimjibu awape mbuzi waitunze. Nilikuwa na mdomo mchafu. Nikaenda Mbinga mjini kutafuta kazi, nikamkuta mwenye duka mmoja, mzee wa asili ya Pwani, aliyegundua kwamba Wazungu wananunua samaki wadogo wa ziwani wakiwa hai, wanawaweka sebuleni kwenye matangi ya vioo, wanawatazama. Hawawali! Nilicheka mpaka akanifukuza dukani. Kesho yake nikarudi na adabu zangu, shikamoo mzee, akaniajiri.

Tulikuwa wawili wa kujifunza kuzamia. Mwenzangu alikuwa Mngoni, na Mngoni na Mmatengo ni watani. Babu zao waliwapiga babu zetu, wetu wakakimbilia mapangoni, vita ikaisha, ukabaki utani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kofia yako, imekwenda. Ukifiwa anakuja kukuchekesha penye jeneza. Atakayenuna ndiye mwenye kosa. Yeye aliniita panya wa pangoni, mimi nilimwita mwizi wa ng'ombe. Tulilala chumba kimoja na kula sahani moja. Nilimpenda, nisiseme uongo.

Tajiri wetu, yule mwenye duka, alitufundisha mwenyewe, maana ujanani alizamia jongoo bahari huko kwao. Alituanzishia mafunzo kwenye miamba ya upande wa Chiwanda, wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na maangavu kiasi kwamba ukiinama kwenye boti unahesabu kokoto za chini. Siku ya kwanza nilikunywa nusu ya ziwa. "Pumua!" tajiri alinifokea. "Ukibana pumzi utapasuka mapafu, mjinga wewe!" Wiki ya tatu nilikuwa nakaa chini kama nimekaa barazani, samaki wananidonoa vidole, jua linafika mpaka kwenye mchanga. Sijawahi kuwa na raha kama ile, kanisani wala kitandani.

Mtungi wa hewa ulikuwa mmoja. Mmoja alishuka, mwingine alibaki botini kushika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mwenzake. Ukivuta mara moja, mimi mzima. Mara mbili, niongezee kamba. Mara nne mfululizo, nivute upesi, nakufa.

Basi mtani wangu siku moja akavuta mara nne. Nikamvuta roho mkononi, mikono ikachubuka. Akaibuka, akatema kile kipumulio, akasema, "Nilikumiss tu sura, panya." Lo! Nilicheka mpaka boti ikayumba. Zamu yangu ilipofika nikamfanyia vilevile. Ikawa mchezo wa kila siku. Tulijifunza kutojali kamba, tukawa tunachungulia tu: nikimwona anapiga miguu taratibu chini kule, najua ni utani, namwacha avute mpaka achoke. Tajiri alituona akatutukana. "Kamba haina mzaha, enyi watoto wa bara!" Tukamwona mzee wa watu hajui utani ni nini.

Masika ikaingia. Mto unaoingia ziwani karibu na pale ukashusha udongo mwekundu wa milimani, mashamba yetu yaleyale ya kahawa, ukageuza ziwa uji wa ulezi mbele ya mdomo wake. Na hapohapo, jioni moja, mashine ya boti ikafunguka skrubu ikazama. Tajiri alishika kichwa. Akatuambia hana uwezo wa kulisha wawili tena. Atakayeipandisha mashine atabaki na kazi, mwingine arudi kwao akalime. Mimi kurudi Mbuji, kwa baba, baada ya yale maneno ya mbuzi? Bora nife.

Nilishuka wa kwanza. Ile haikuwa kuzamia, ilikuwa kuzikwa. Mita mbili tu chini sikuuona mkono wangu. Maji yalikuwa baridi, baridi ya kwetu. Juu na chini sikuvijua. Nilipapasa tope, magogo, tope, kisha nikajikuta ndani ya nyavu kuukuu iliyonasa kwenye kisiki. Ikanishika mguu, ikashika mtungi. Nikavuta kamba mara nne. Kimya. Nikavuta tena mara nne. Kamba ikajibu mara moja, ya kuchezea, kama mtu anayekukonyeza. Nikavuta tena huku nalia ndani ya miwani. Akajibu tena.

Nilifungua mkanda wa vipande vya risasi tuliouvaa ili tuzame, nikararua nyavu kwa kucha, nikaibuka kasi kama kizibo. Sikio la kushoto likapasuka, damu shingoni. Mtani wangu alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Aliponiona damu akaacha. "Haki ya Mungu nilidhani unanitania," akasema. Namwamini. Nilimwamini hata siku ileile. Lakini ufukweni, mbele ya wavuvi na wake zao wanaoanika dagaa, alisimulia jinsi panya alivyotoka shimoni analia, na wote wakacheka, na tajiri akacheka. "Kesho ushuke wewe," tajiri akamwambia Mngoni. Nami nikacheka, maana ni utani. Ndani nilikuwa naungua.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, tajiri akaenda msikitini. Tukabaki wawili kwenye boti. Nilimwambia kuna nyavu pale chini? Sikumwambia. Nilimfunga kamba kiunoni vizuri kabisa, akanipiga kofi la shavu, akazama.

Alikaa sana. Mapovu yake yalipanda juu ya maji mekundu, huku na huku, anatafuta, kisha yakatulia mahali pamoja. Kamba ikavutwa mara nne.

Nilichukua muhogo wa kuchemsha tuliobeba, nikaanza kuumenya. Nikasema moyoni, ngoja aonje. Aonje kidogo tu, kama nilivyoonja mimi. Mapovu yalikuwa yanapanda, mtu anayetoa mapovu anapumua, na anayepumua hafi. Mara nne tena. Nikatafuna. Nikajibu mara moja, ya kuchezea, kama alivyonijibu. Sijui kama kuna kitu kibaya zaidi nimewahi kufanya kwa mikono hii. Mara nne. Mara nne. Halafu mara tatu, kwa unyonge, halafu kamba ikalegea. Geji ya mtungi ilikuwa imekufa zamani, tulikuwa tunakisia hewa kwa muda. Mimi nilikuwa najua muda wake umekwisha. Muhogo ulikuwa umebaki kipande, nikakimalizia. Mapovu yakakoma.

Hapo ndipo nilipovuta. Nilivuta nikipiga kelele, na kamba ikakataa. Wavuvi wakapiga makasia kuja, tukavuta wanaume sita, kisiki kikaachia. Akaja na nyavu yote, na ndani ya nyavu ileile kulikuwa na mashine. Mikono yake ilikuwa imeikumbatia. Tajiri alirudi na kofia yake ya swala, akamfumba macho, akalia kwa dhati. Kisha akaniambia kazi ni yangu.

Tulimpeleka kwao Ungonini kwa lori. Nilitamani nijifiche, lakini mtani hana ruhusa ya kujificha msibani. Mimi ndiye niliyesubiriwa. Nilipokanyaga tu uwanjani wazee wakapiga makofi, "Mtani kafika!" Wakanivalisha miwani yake na mapezi yake ya mpira. Nifanye nini? Nikatembea kama bata kuzunguka jeneza. Nikalala kifudifudi vumbini, nikapapasa, nikavuta kamba ya mbuzi mara nne nimetumbua macho. Watoto walianguka kwa kicheko. Mama yake, aliyekuwa hajala wala kusema tangu mwili ufike, akacheka akajifunika kwa kanga.

Nikasimama. Nikavua miwani. "Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyemuua. Alivuta kamba nimwokoe, mimi nakula muhogo."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mzee mmoja alinirushia majivu. "Wauaji hao Wamatengo, tunawajua!" Nikapaza sauti. Nikawaambia sitanii, naapa kwa Mungu, nilijua hewa imekwisha, nilimaliza muhogo kwanza. Machozi yakanitoka, na kadiri yalivyonitoka ndivyo walivyoshangilia, hawajapata kuona mtani anayejua kazi yake namna ile. Nilipiga magoti mbele ya mama yake, nikamshika miguu, nikarudia neno kwa neno.

Aliniinua. Alinipa jogoo mwekundu, haki ya mtani, akanifuta uso kwa pindo la kanga yake. "Basi, baba, inatosha," akasema huku bado anacheka. "Mbavu zinaniuma. Asante kwa kumpenda mwanangu."