Nilipoogopa Kufanywa Maksai

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka hadi mbavu zinauma, ingawa siku yenyewe nilikuwa natetemeka. Ni siku niliyomwambia rafiki yangu Saning'o, mfugaji wa Kakesio aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani Karatu, kwamba naenda hospitali ya misheni kupasuliwa huku chini, pale ambapo mwanamume hapendi kusikia habari za kisu. Akaniangalia kwa huruma kama anayeniaga.

"Ero, rafiki yangu," akasema, "mimi nimehasi ng'ombe wengi. Sijaona aliyeingia dume akatoka dume. Watakufanya maksai, utulie, ulime vizuri."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa kijana wa Rhotia mwenye shamba, maksai wawili na mke mmoja, Martina, na tulikuwa tumekaa muda mrefu bila mtoto. Kijijini jambo hilo halikuwa na mjadala, mwenye kosa alikuwa mwanamke. Walimwita mgumba, wengine mbele ya uso wake, na ndugu zangu wakaanza kunitajia binti mmoja wa Endamarariek. Martina hakujibizana na mtu. Aliniambia tu, "Twende hospitali wote wawili. Wakinikuta mimi ndiye mbovu, nitafunga mizigo yangu mwenyewe."

Tukaenda. Yeye akaonekana mzima kabisa. Mbegu zangu mimi, zilipotazamwa kwa darubini, zilikuwa chache na zimechoka. Daktari akaeleza kwamba mishipa ya damu ya korodani ya kushoto imevimba, damu inatuama pale na kuleta joto, na mbegu haziwezi joto. Angepasua kidogo juu ya kinena na kuifunga hiyo mishipa, basi. Korodani zenyewe hatazigusa. Mtoto hakuniahidi, alisema ananiongezea nafasi.

Nilimwelewa vizuri, lakini maneno ya Saning'o ndiyo yaliyonikaa kichwani. Mtu mwenye hofu humsikiliza anayemtisha zaidi.

Matayarisho yenyewe, mwanangu, yalikuwa mepesi kuliko woga wangu. Niliambiwa niache tumbaku na pombe mapema, nioge vizuri, na tangu jioni nisitie kitu kinywani. Asubuhi akaja dresa, yule msaidizi anayefunga vidonda, na wembe kuninyoa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Zote mbili zitabaki?" Alicheka hadi akalazimika kuweka wembe chini.

"Zitabaki, bwana. Tukimaliza utazihesabu mwenyewe."

Nikachomwa sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi, na nilichosikia baadaye ni mlio wa vyuma tu. Ganzi ilipoisha nilihesabu kweli. Nikashukuru Mungu kwa machozi.

Nilipotoka hospitali, shangazi yangu, dada wa baba, alinichukua nyumbani kwake, jirani na shamba letu, akanilea kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Uji wa ulezi, maziwa, na mboga za majani kwa wingi ili nisijikamue chooni. Daktari alikuwa amekataza kunyanyua mzigo, kushika plau, kupanda baiskeli, na kulala na mke wangu mpaka aruhusu. Nilivaa kitambaa cha kubana kilichobeba zile mali zisining'inie. Saning'o alikuja na kibuyu cha maziwa, akauliza mbele ya shangazi, "Bado dume?" Nikacheka huku nimeshika mshono kwa mikono miwili, nikimsihi anyamaze.

Kisha mvua zikaanza. Nikachungulia nje nikamwona Martina shambani kwetu, matope hadi magotini, anahangaika na plau nyuma ya maksai. Aibu ikanipanda. Nikatafuta viatu.

Shangazi akasimama mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Shangazi, watu wataniona mimi mwanamume gani, mke wangu anashika plau?"

"Kaa chini! Mke wako miaka yote hii ameitwa mgumba kwa ugonjwa wako, na hakufa. Wewe ukiitwa mvivu msimu mmoja utakufa?"

Nikakaa. Maneno yale yaliuma kuliko mshono, na tangu hapo sikupata tena usingizi mzuri, kwa sababu nilijua jina lile bado yuko nalo, na mimi ndiye niliyeweza kumvua.

Wakati wa palizi majirani walikuja kutusaidia, na baada ya kazi tukawapa pombe. Jamaa mmoja akamtania Martina, "Afadhali umejifunza plau, maana mtoto wa kubeba huna." Watu wakacheka. Nikasimama.

"Ugonjwa ni wangu mimi," nikasema. "Martina ni mzima tangu siku nilipomwoa. Mimi ndiye niliyepasuliwa, na sijui kama mtoto atakuja."

Halafu shangazi akapiga kigelegele, wanawake wakampokea, na Martina akaketi chini pale pale akilia na kucheka kwa pamoja. Sijapata kumwona mrembo vile, hata siku ya harusi.

Mtoto alikuja, ndiyo, kisha wenzake. Lakini nakwambia kweli, nyumba yangu ilipona jioni ile, kabla ya mimba yoyote.

Basi mwanangu, ukiwa na tatizo hilo, nenda na mke wako mkapimwe pamoja. Muulize daktari kila linalokutisha, usimwulize mchunga ng'ombe. Ukishapasuliwa pumzika kama ulivyoagizwa, acha watu waseme. Na usingoje mtoto azaliwe ndipo umtetee mkeo. Si kila anayepasuliwa anapata mtoto, lakini kila mume ana mdomo.

Ukipasuliwa, Mungu akujalie kidonda kikauke vizuri, akupe watoto wa kukupigia kelele, na akichelewa kukupa, asiwanyime ninyi wawili kicheko.