Mpaka Aliouona Editha

Kinyangiri nzima walijua kwamba Bibi Editha hasahau. Ukitaka kujua mtoto fulani alizaliwa mwaka wa njaa ipi, humwulizi mtendaji wa kijiji, unamwuliza yeye. Sifa hiyo aliipenda, tusimfichie, na ndiyo iliyomtia kitanzini.

Watoto wawili wa marehemu dada yake, Godfrey na Antipasi, waligombea ukanda wa shamba la alizeti. Marehemu baba yao aliwaonyesha mpaka wakiwa wadogo, na wazee walioshuhudia wameshakufa wote. Wakamtaja mama yao mdogo awe shahidi kwenye baraza la kata.

Mwezi mzima hakupumua. Asubuhi Godfrey: "Mama mdogo, unakumbuka mzee alisimama kwenye kichuguu, ameshika fimbo." Jioni Antipasi: "Mama mdogo, si kwenye ule mgunga? Alivaa koti la kijivu." Kila siku waliongeza kidogo. Mwishowe Editha akifumba macho anamwona shemeji yake kichuguuni, ana fimbo ya Godfrey na koti la Antipasi. Aliogopa. Akisema hajui, jina lake limekwisha. Akimchagua mmoja, amempoteza mwingine.

Siku ya baraza, Godfrey ndiye aliyempitia kwa bodaboda. Mwenyekiti alimwuliza mara moja tu.

"Kichuguuni," akajibu bila kutetereka, na kwa kuisikia sauti yake mwenyewe, akaamini. Ikaandikwa.

Wiki iliyofuata alikuwa akikoroga togwa, mkono ukasimama. Siku ile ya mpaka yeye alikuwa wapi? Jikoni kwa dada yake, akikoroga togwa ya wazee. Siku zile mpaka wa shamba walionyeshwa watoto wa kiume tu. Mwanamke hakukanyaga huko, na desturi hiyo vijana wa baraza hawaijui. Hakuona kichuguu wala mgunga. Hakuona kitu.

Alijitanda khanga akaenda mbiombio shambani. Akawakuta ndugu wote wawili wameinama, wanapanda minyaa kwenye mpaka mpya.

"Shikamoo, mama mdogo," Antipasi akasema, akijifuta jasho. "Unisamehe kwa kukusumbua. Ulipotamka tu pale barazani, na mimi nikakumbuka. Sasa namwona mzee kabisa, amesimama kichuguuni."

Editha akaitikia marahaba. Kisha akainama, akamshikia mche wa mnyaa.