Siku Baba Aliponyamaza

Juzi, kwenye dispensari moja hapa Lubumbashi, nilimsikia muuguzi akimwambia binti wa mzee aliyekuwa akitetemeka, "Papa hana kasirani. Hii magonjwa ya Parkinson inakazaka sura, inamalizaka na sauti."

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, uani kwetu, kukinuka samaki wakavu na moshi wa makaa. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Shangazi alinivuta sikio mbele ya jamaa wote, akiniita mchawi.

"Ni huyu mutoto! Ni ye mulozi, iko anakula mikono ya papa yake!"

Nilimtazama baba, nikingoja anitetee. Uso wake haukusogea, midomo ikacheza bila neno. Nilidhani amekubali. Jioni ile walinifukuza.

Baba nimemwelewa sasa. Lakini siku ile mama alikaa pembeni yangu, mzima, sauti yake haina shida, naye akanyamaza.