Nilishusha Bei ya Gemu, Nikapoteza Kiti Changu Butihinda

Mi ndiye mkosaji, ndugu zangu. Sina wa kumsukumia. Mama amenisema mpaka amechoka, sasa wacha niwaambie na nyie. Mkinicheka, sawa tu.

Niko na kaduka ka gemu mtaa wa Yoba, hapa Gitega. Nauza mashine na kaseti zake, zile baba mdogo anatuletea kutoka Dubai. Iko kaseti moja ya mbio za magari, watoto wanaililia, na baba zao pia! Lakini wenye kuitengeneza, bambe jamani, ni wagumu! Miaka inapita, bei ni ileile. Hakuna cha Idi, hakuna cha Noeli. Mi nilikuwa nawacheka. Hawa watu hawajawahi kukanyaga soko? Kwetu mtu akitaja bei, hiyo ni salamu tu, mazungumzo bado.

Wa kwanza kuinunua kwangu alikuwa rafiki yangu Eliya. Alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi na wazazi wake kulima Butihinda. Aliuza maharage ya msimu mzima ili afungue chumba cha gemu Muyinga mjini, watoto walipe wacheze. Bei ilimtisha kidogo.

"Nunua bila wasiwasi, sha ndugu yangu," nikamwambia. "Hii haishuki. Ukichoka nayo, unaiuza kama ulivyoinunua."

Akaniamini. Tena akanipa heshima kubwa: nikae kiti cha msemaji wake siku ya kupeleka mahari kwa wakwe, hukohuko Butihinda. Kwa desturi hiyo kazi ni ya mzee, lakini wazee wake wengi walibaki kule Tanzania, na mi ulimi ninao. Nikashona kanzu mpya. Nikajifunza na mafumbo ya ng'ombe ya kuombea bibi arusi, mi mtoto wa mjini!

Basi Ramadhani ikafika mwisho, na shetani akanipitia, ijapokuwa wanasema anafungwa. Kaseti zimejaa, nataka pesa ya haraka. Nikatangaza kwenye WhatsApp: promosyoni ya Idi, nusu bei! Ziliisha kama sambusa za futari. Mnunuzi mmoja alitoka Muyinga, akaniambia mwenyewe anafungua chumba mtaa uleule wa Eliya. Nilijua, jamani! Nikamfungia vizuri, nikamwombea na baraka.

Haikupita muda Eliya akapiga simu. Wateja wake wamehamia kwa jirani anayechezesha kwa bei rahisi. Kajaribu kuiuza kaseti yake, kila mtu anamwambia Gitega ni nusu.

"Uliniambia haishuki, ndugu yangu."

"Ilikuwa promosyoni tu!"

"Kwa hiyo mimi niliyekuamini mapema ndiye mjinga?"

Hapo ningesema samahani. Eti nikamjibu, "Biashara ni biashara, Eliya. Si ungengoja!"

Kisha akasema, taratibu kabisa, "Sawa. Basi na mahari nitamtafuta mtu mwingine. Wewe unaweza kunishusha bei mbele ya wakwe."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Mama anauza vitenge sokoni. Nilipomweleza, alipiga makofi ya huzuni. "We mtoto! Kitenge cha sare mi nashusha bei kabla ya arusi? Aliyelipa yote atakaa na aliyelipa nusu sahani moja ya pilau, wataulizana. Kesho nani atanunua mapema?" Kumbe wale wagumu wa gemu wanajua anachokijua mama yangu! Na kweli, leo wateja wangu hawanunui tena. Wanachungulia, wanauliza, "Promosyoni iko lini?"

Siku ya mahari nilienda na kanzu yangu. Nilikaa nyuma, karibu na kreti za Fanta. Kiti changu kilikaliwa na mzee mmoja wa kuazima kwa majirani, akasahau jina la bibi arusi, watu wakavunjika mbavu. Mi nilitaka kulia. Fumbo la ng'ombe lilikuwa mdomoni, nikalimeza na Fanta.

Nimeshaomba msamaha, na Eliya amenisamehe. Anasema hivyo. Nyie wenye maduka, shusheni bei mkitaka, lakini kwanza mfikirieni aliyewaamini wa kwanza, na mkimkosea msimwambie angengoja. Zamani Eliya akipiga simu alianza na "Mama hajambo?" Siku hizi ananiuliza, "Habari za biashara?"